Siku Arobaini za Mzee Mahanyu

Siku ya tisa tangu avuliwe kofia ya mawimbi ya tiba, Mzee Mahanyu Shekighenda aliomba aongezewe uji.

Binti yake, Zaituni, alisimama na upawa mkononi asijue la kufanya. Kwa miezi saba alikuwa amemlisha baba yake kwa kijiko, akimbembeleza kama mtoto mwenye homa, na mara nyingi kijiko kilirudi kama kilivyokwenda. Leo mzee alikuwa ameketi wima mezani, shuka zito limemfunika mabega kwa ajili ya baridi ya Magamba, anamsogezea bakuli.

"Na maziwa uongeze," alisema. "Jana uliyabania."

Zaituni alicheka, akageukia jiko upesi ili baba yake asiyaone machozi. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Kumi na minane kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika Kituo cha Matulizo, akisoma ramani za ubongo za wazee walioingiwa na sonona na kuzirekebisha. Familia ngapi zilimshika mikono zikalia, zikamwambia umeturudishia mama, umeturudishia babu. Yeye aliitikia kwa adabu kwamba ndiyo kazi yao. Utamu wenyewe hakuujua mpaka ulipoingia jikoni kwake.

Kioo cha habari ukutani kilikuwa kinatangaza mvua. Msomaji alitaja miteremko iliyolowa kupita kiasi, na kati yake akautaja wa Kwezindo. Zaituni aliruka kwenda kukizima. Jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba hii. Miaka ishirini na miwili iliyopita mlima wa Kwezindo uliporomoka alfajiri, ukafukia nyumba tisa na watu thelathini na mmoja, na baba yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa ving'ora vya tahadhari vya ukanda ule. Tangu hapo, kila jina hilo lilipotajwa, mzee aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Acha, acha," alisema Mzee Mahanyu. "Nasikiliza."

Alisikiliza mpaka mwisho huku anatafuna mkate. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alikoiweka miwani yake:

"Kile king'ora cha Kwezindo nilikizima mimi, unajua?"

Zaituni alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, Baba?"

"Wiki ile kilikuwa kimelia mara tatu bure. Watu wanatoka na watoto mvuani, mlima haujasogea hata kidogo, wanakuja kunitukana ofisini. Jioni nikakizima kutoka mezani kwangu. Nikasema kesho nitatuma fundi akakiangalie."

"Lakini ilikuwa Hoza. Hoza Kilua, mlinzi wa king'ora, aliliacha lindo lake. Ripoti ilisema hivyo."

"Ripoti niliiandika mimi, Zai." Alilamba kijiko. "Hoza alikuwa palepale. Alibonyeza swichi mpaka kidole kikachubuka, king'ora hakina umeme. Akakimbia kugonga milango kwa mikono. Maskini, walimfunga miaka mitatu." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari mbaya za nchi ya mbali. "Uji huu umeutia nini leo? Ni mtamu kweli."

* * *

Kituo cha Matulizo kilijengwa katikati ya misonobari, juu kidogo ya barabara. Zaituni alifika asubuhi hiyohiyo, akapita mapokezi bila kumsalimu mtu, akaenda moja kwa moja chumba cha ramani. Daktari Elipokea Mfinanga, msaidizi wake, alikuwa amekwisha kuvaa koti na kuwasha meza.

"Nifungulie ya baba yangu," Zaituni alisema. "Zote mbili."

Ramani mbili zilipanda hewani, moja ya ubongo wa mwezi uliopita, ya pili ya ubongo wa juzi. Wageni waliozoea kuja kutembezwa kituoni waliambiwa hivi: ubongo wa mwanadamu una mitandao mingi, lakini kwa ugonjwa huu tuitazame mitatu. Kuna mtandao wa ndani, unaoamka mtu anapokaa bila kazi. Ndimo anamojikumbuka, anamojisema, anamorudia yaliyopita. Kuna mtandao wa kazi, unaowaka anapopanga safari au kupiga hesabu. Na kuna mtandao wa mlangoni, ambao hupima kila kinachokuja, ukaamua kipi ni kizito cha kushughulikiwa na kipi kipite, halafu ukaupa mmoja zamu na mwingine ukaupumzisha. Kwa mzee mwenye sonona, mtandao wa ndani hujifunga na eneo la huzuni kwa nyuzi nene, ukagoma kutoa zamu. Mtandao wa kazi hukonda. Ule wa mlangoni huchoka, ukaruhusu jambo moja lipite na kurudi, lipite na kurudi, mchana kutwa.

Ramani ya kwanza ya Mzee Mahanyu ilikuwa mfano wa kufundishia. Fundo jekundu katikati, kubwa kama kokwa la embe, na pembeni yake nyuzi za kazi zimepauka. Ramani ya pili ilikuwa safi. Fundo lilikuwa limefunguliwa lote, nyuzi zimetawanywa kwa usawa, zinameremeta.

"Ni kazi nzuri," Elipokea alisema kwa uangalifu. "Imetoka vizuri kuliko zote za mwaka huu."

"Imetoka vizuri mno." Zaituni aliingiza kidole kwenye mwanga, mahali fundo lilipokuwa. "Hapa palikuwa na kitu ambacho hakikuwa ugonjwa. Tumekichukua pamoja na ugonjwa."

Alimsimulia habari za king'ora. Elipokea alikaa chini polepole.

Alikuwa bado kijana, hajafikisha hata miaka thelathini na mitano, na hakuwa mtu wa kumwambia mkubwa wake nilikuambia. Wala hakusema. Lakini wote wawili waliikumbuka siku ile.

Siku ile Mzee Mahanyu alikuwa na kilo arobaini na tatu. Alilala kitanda cha dirishani, uso kaugeuzia ukutani. Elipokea alikuwa ameleta ile fomu ambayo kila mgonjwa huijaza kabla ya kuvishwa kofia, na ambayo pale kituoni waliiita orodha ya kuachwa. Mgonjwa hukaa na daktari siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, akataja huzuni zake moja moja, na kwa kila moja akasema: hii ondoeni, hii punguzeni, hii niachieni. Mjane mmoja aliwahi kuomba aachiwe kilio cha mumewe, kila Ijumaa tu. Wakati mgonjwa anataja, mashine huandika ni nyuzi zipi zinazowaka, na kofia inapofanya kazi huziruka hizo. Hivyo sonona huondoka, majonzi ya haki yakabaki.

"Mniache," Mzee Mahanyu alikuwa amewaambia kwa sauti ya kunong'ona. "Msinivishe. Nina jambo halijaisha."

"Jambo gani, Baba?" Zaituni aliuliza.

Mzee alifumba macho.

Walipotoka kwenye korido Elipokea alisema: "Tumlishe kwa mpira wiki tatu, mama. Apate nguvu kidogo. Nitakaa naye mimi mwenyewe, taratibu, atazungumza."

"Wote husema wana jambo halijaisha," Zaituni alijibu. "Umeshasoma, umeshaona. Ni ugonjwa unaojisemea."

"Ndiyo, mama. Lakini huyu bado hatujamsikia."

Sheria ilikuwa na kifungu cha hatari: mgonjwa aliyeshuka uzito kiasi kile, mtoto wake aliruhusiwa kutia saini kwa niaba yake. Zaituni alitia saini akiwa amesimama, karatasi kaiegemeza ukutani. Mahali pa orodha ya kuachwa alipiga mstari mmoja kuanzia juu mpaka chini.

Sasa, mbele ya ramani mbili zilizokuwa zikizunguka hewani, alijiuliza ni kitu gani kilichomharakisha. Kilo arobaini na tatu, ndiyo. Hofu, ndiyo. Lakini palikuwa na kingine, na alikijua. Alikuwa amechoka na ule mlango uliofungwa. Tangu akiwa na miaka ishirini na tisa alikuwa akiugonga, na mama yake alikufa akiugonga. Alitaka kumsikia baba yake anacheka kabla na yeye hajazeeka. Wiki tatu zilimshinda.

"Bado anaweza kurudishwa," Elipokea alisema. "Ubongo haujatulia. Ramani ya zamani tunayo mpaka siku ya arobaini. Baada ya hapo inafungwa, hata tukitaka haitashika."

"Nalijua hilo. Kanuni hiyo niliiandika mimi."

* * *

Angeweza kwenda kwa Hoza Kilua kesho yake. Hakwenda. Hilo nalo baadaye aliliweka pamoja na mengine.

Alijiambia kwamba anataka kwanza kuhakikisha. Alijiambia baba yake apate nguvu ya safari. Ukweli ni kwamba zilikuwa wiki tatu nzuri kuliko zote alizowahi kuishi naye. Mzee Mahanyu alipogoa miti ya peasi iliyokuwa imeachwa ikawa kichaka. Alijifunza majina ya watoto wa jirani. Alimfundisha Zaituni wimbo wa Kisambaa ambao bibi yake aliimba akipura maharage, wimbo wenye maneno ya ovyo katika ubeti wa tatu, na wote wawili walicheka mpaka mzee akakohoa. Kila siku Zaituni alilala akisema kesho nitakwenda, na kila asubuhi alimsikia baba yake akipiga mluzi bafuni, akanyamaza.

Siku ya thelathini na moja, walipokuwa wanamenya peasi, alimwuliza: "Baba, hukuwahi kufikiria kumwambia Hoza?"

"Nilifikiria kila siku. Nilikuwa naandika barua. Zipo chini ya godoro, au zilikuwapo, nadhani nilizitupa nilipofagia." Alikata peasi katikati. "Nilikuwa nikifika kwenye jina la mkewe mkono unakataa. Mkewe alikufa Hoza akiwa kifungoni. Watu wa Kwezindo walikuwa hawamsalimu mama yule, hawamkaribishi msibani, hata kisimani walimpisha kama mwenye ukoma."

"Na sasa ungeweza kumwambia?"

"Kwa nini nisiweze?" mzee alisema, akashangaa kweli. "Ni haki yake. Twende hata kesho."

* * *

Hoza Kilua aliishi Mombo, chini kwenye joto, nyuma ya shamba la zamani la mkonge. Kwa gari la umeme ni mwendo wa saa moja na nusu kuteremka, na Mzee Mahanyu aliyafurahia makorongo yote njiani. Walimkuta Hoza barazani kwake, mzee mrefu aliyekauka, anasuka kamba ya katani, ncha moja kaibana kwa vidole vya mguu. Mkwe wake aliwaletea viti na maji ya kunywa, akaingia ndani.

Hoza alimwinulia mgeni wake macho. Mikono iliacha kusuka.

"Mahanyu," alisema.

"Hoza! Umezeeka, ndugu yangu."

"Karibuni."

Zaituni alimwamkia, akaitikiwa. Alikuwa ameandaa maneno ya kufungulia jambo, tangu walipopita mji wa Soni njiani alikuwa anayapanga kichwani. Hayakuhitajika. Baba yake alikunywa maji, akaweka bilauri chini, akasema:

"Nimekuja kukwambia kwamba king'ora nilikizima mimi. Jioni, kutoka ofisini. Wewe hukuwa na kosa lolote. Ripoti niliandika uongo kwa kuwa niliogopa, nikaacha ufungwe. Nilikukosea sana. Niko tayari kulisema popote unapotaka."

Alisema yote kwa ufasaha, bila kumung'unya neno. Uso wake ulikuwa mkunjufu.

Kuku alipita barazani, akatoka. Upepo wa moto ulipeperusha nyuzi za katani zilizokuwa sakafuni.

"Walikufa wangapi?" Hoza aliuliza mwishowe.

"Thelathini na mmoja," Mzee Mahanyu alijibu papo hapo, kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Thelathini na wawili. Mke wangu umemsahau."

"Aa. Sikumsahau, najua habari zake. Pole sana, Hoza. Pole sana."

Ilikuwa pole ya kweli. Zaituni alimfahamu baba yake, akajua hadanganyi. Ila ilikuwa pole anayopewa mtu usiyemjua, mliyekutana naye kwenye foleni ya hospitali. Baada ya kuitoa, Mzee Mahanyu aliinama, akaishika ile kamba, akaivuta kupima uimara wake.

"Hii umeisuka vizuri," alisema. "Unaweza kunifundisha?"

Hoza aliinuka. Alimwashiria Zaituni kwa kichwa, wakazunguka nyuma ya nyumba, penye kivuli cha ukuta.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "nimengoja mtu mmoja atoke kule juu, aje aniambie maneno yale. Nilijua atakuja. Nilijua hata atakavyokaa. Sikujua atakuja anatabasamu. Baba yako amefanywa nini?"

Zaituni alimweleza. Hakujificha nyuma ya maneno ya kazi. Alisema: alikuwa anakufa kwa huzuni, alikataa tiba, nikamtibu kwa nguvu, na huzuni uliyokuwa unaingoja ilikuwa humo ndani, nikaitoa bila kuuliza ni ya nani.

"Kwa hiyo," Hoza alisema, "yule aliyekuwa amebeba jambo letu umemwondoa. Ukaniletea huyu."

"Zimebaki siku nane za kumrudisha. Ninaweza. Atakuwa kama alivyokuwa, na safari hii ningemtibu polepole, ningemwachia hili. Lakini ana miaka themanini na moja. Huenda asivuke tena." Akamsogelea. "Mzee wangu, niambie unataka nifanye nini."

Hoza alimtazama, na macho yake hayakuwa na hasira. Hilo lilimwumiza Zaituni zaidi.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Usinibebeshe, binti. Nilishabeba kitu cha mtu wa nyumba yenu mara moja." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Mimi sikutaka alie. Kilio chake ningekifanyia nini? Nilitaka tukae wawili, tujue kitu kimoja, kwa uzito mmoja. Sasa nakijua peke yangu kama zamani, tofauti ni kwamba na yeye ameshakisema." Akashusha pumzi. "Aende akasaini hayo maneno ofisini. Jina langu lisafishwe, nina wajukuu. Kisha usimlete tena. Wewe njoo ukitaka. Yeye usimlete."

Waliporudi barazani, Mzee Mahanyu alikuwa ameketi sakafuni, amebana kamba kwa vidole vya mguu, anajaribu kusuka, na mkwe wa Hoza anamcheka.

* * *

Maelezo yalitiwa saini siku ya thelathini na nne. Ofisi ya miteremko ilitoa tangazo, na jina la Hoza Kilua likasomwa kwenye vioo vya habari vya wilaya nzima kwamba hakuwa na hatia. Kuhusu Mzee Mahanyu, ilionekana umri wake hauruhusu mashtaka. Watu wanne waliofiwa Kwezindo walikuja nyumbani Magamba. Walikuja wameiva kwa hasira. Mzee aliwapokea, akawakalisha, akawapa chai, akajibu kila swali kwa ukweli mtupu. Mama mmoja alimwuliza kama anamkumbuka mwanawe, Sempombe, aliyekuwa na miaka sita. Akasema namkumbuka, alikuwa na pengo la meno ya mbele. Alipolisema hilo alitabasamu, kwa kuwa lilikuwa kumbukumbu nzuri. Yule mama aliweka kikombe chini, akatoka bila kuaga. Wenzake wakamfuata. Waliondoka na maumivu makubwa kuliko waliyokuja nayo.

Siku ya thelathini na tisa Zaituni alimfuata baba yake bustanini. Jua lilikuwa limetoka vizuri na ukungu umebaki bondeni tu. Mzee alikuwa juu ya kigoda, anafunga matawi.

"Baba, shuka. Nina la kukuuliza, na nataka ulijibu wewe."

Alimweleza yote tangu mwanzo: fundo, orodha, mstari alioupiga, siku moja iliyobaki. Alimweleza kwamba akitaka atamrudisha, kisha waanze upya pamoja, polepole. Mzee alisikiliza kwa makini. Alikuwa na akili zake zote; pengine hakuwahi kuwa nazo timamu kama wakati ule.

"Huyo unayetaka nimrudie," aliuliza, "alikuwa na raha hata siku moja?"

"Hapana."

"Alikuwa anataka kuishi?"

"Alikuwa anataka kumaliza jambo lake."

"Limekwisha. Nimesema, nimesaini."

"Si kwa namna aliyotaka yeye, Baba."

"Wewe unajuaje alivyotaka? Hukumwuliza." Hakusema kwa ukali, alikuwa anataka tu mambo yakae sawa. "Mimi namkumbuka, Zai. Nakumbuka kila kitu. Ni kama kukumbuka nyumba yenye baridi niliyowahi kupanga. Najua ilikuwa na baridi, ila mwilini siisikii. Na wewe unaniambia nirudi nikalale humo, kwa hiari yangu, huenda nisitoke."

"Ndiyo. Ndilo ninalouliza."

Mzee Mahanyu alitazama miti yake. Zaituni aliyasubiri maneno yake, na hakujua anaomba ajibiwe nini.

"Sirudi," mzee alisema. "Nimekuwa mgonjwa mara moja, inatosha. Safari hii umeniuliza. Basi na unisikie."

Alimsikia. Kesho yake, saa sita mchana, Elipokea alipiga simu kutoka chumba cha ramani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, muda umefika. Nifunge, au ningoje kidogo?"

"Funga," Zaituni alisema.

Alibaki na simu sikioni baada ya Elipokea kuiweka. Kutoka uani alisikia ngazi ikiburutwa na baba yake akipiga mluzi. Alitoka, akamkuta anaiegemeza kwenye mti wa mwisho. Akapiga magoti pale kwenye majani mabichi, mwanamke mzima na koti lake la kituo.

"Nisamehe, Baba."

Mzee aliacha ngazi. "Kwa lipi tena?"

"Uliniambia nikuache. Uliniambia una jambo halijaisha. Sikukusikiliza. Nilikuwa nimekuchoka, Baba, hiyo ndiyo kweli. Nilikuchoka nikasema ni tiba."

Alijiinamia, akangoja. Kama kulikuwa na neno moja duniani aliloweza kupewa likamtosha, lilikuwa la mtu huyu. Mkono wa baba yake ulimfikia kichwani, wa joto, wenye harufu ya utomvu wa peasi.

"Nimekusamehe," Mzee Mahanyu alisema mara moja, kwa furaha. "Nimekusamehe kabisa, mwanangu. Inuka, utalowa. Kwanza nishikie ngazi."

Wala hakuwa anajikaza. Hakupambana na kitu ili kulitoa neno lile, hakukuwa na kitu cha kupambana nacho. Alimsamehe vilevile alivyoomba maziwa yaongezwe. Zaituni aliinuka, akaishika ngazi kwa mikono miwili, baba yake akapanda. Akaelewa hapo kwamba mtu aliyemkosea ni yule aliyelala ameuelekea ukuta, mwenye kilo arobaini na tatu, na kwamba yule ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kumsamehe au kumnyima. Alikuwa amemfunga saa sita mchana, kwa neno moja la simu.

"Shika vizuri," baba yake alisema kutoka juu.

"Nimeshika, Baba."